Jina la Tano

Beni, mtaa wa Mabakanga, 11 Februari 2024

Kwa yaya Katungu, dada yangu mkubwa, Butembo.

Bwana asifiwe, yaya. Sisi hapa tunapumua. Mke wangu Nadège anakusalimu, homa ya tumbo imemwacha na amerudi kwenye cherehani. Mtoto wetu Shekinah yuko mwaka wa pili shuleni na tayari anamsahihisha mwalimu wake, unajua amemrithi shangazi gani. Mvua inanyesha bila adabu. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba mwanao Ariel anakuandikia kutoka chuo. Kama haandiki usimhukumu. Katika ukoo wetu wanaume huandika wanapokuwa na shida, kama mimi sasa.

Wakati wa Noeli uliniuliza kama lile kanisa langu la sebuleni bado lipo. Lipo. Tulianza watu saba katika chumba cha kushonea cha Nadège, tukiwa tumefunika mashine ili watoto wasizichezee. Leo asubuhi tulikuwa themanini na wawili chini ya bâche, turubai letu, nyuma ya mtu anayeuza mbao. Yeye alitupatia mabanzi ya kukalia. Kushoto kwetu kuna nganda, kilabu cha bia, kulia kuna kanisa la uamsho lenye vipaza sauti vinne, na sisi katikati tuna ngoma moja na koo la shemasi Zacharie. Nadhani wageni wengi wanatuchagua kwa sababu kwetu mtu anasikia anachoambiwa.

Sasa shida yenyewe. Wakubwa wa distriki wamekubali kutufanya chapelle kamili, yaani kanisa dogo linalotambuliwa. Mchungaji wao atakuja mwaka huu kutuandalia Meza ya Bwana ya kwanza. Lakini sheria yetu unaijua kuliko mimi: hakuna anayekaribia Meza bila barua ya kuhama kutoka kanisa alikobatizwa. Nina watu themanini na wawili, na barua ishirini na sita. Wengi walikimbia kutoka Oicha na Mabalako, na mtu anayekimbia huchukua mtoto, sufuria na godoro. Hapiti kwanza kwa mwandishi wa kanisa. Wazee wao tunawatafuta mmoja mmoja.

Watano walibatizwa kwetu Butembo, na vitabu vya pale viko mikononi mwako. Wanne ni hawa: Siméon fundi wa baiskeli na mke wake Tamar, mzee Syauswa, na Jokébed binti wa mwalimu. Wa tano ni mwanamke anayekaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya baraka. Naomba barua yake pia. Jina lake nitakuletea.

Sikupigi simu kwa jambo hili, kwa sababu simu yako ina tabia ya kukatika kila unapokasirika. Barua hii naiweka mkononi mwa Mama Eliane, anayepandisha mawese huko na kuteremsha vitunguu huku.

Mdogo wako,
Vagheni

Butembo, 6 Machi 2024

Mdogo wangu Vagheni, salamu katika jina la Yesu.

Barua yako ya tarehe 11 Februari imenifikia tarehe 2 Machi. Mama Eliane aliikunja ndani ya kitenge chake, akapata habari ya msiba, akaenda kwanza Oicha kumzika mjomba wake, na barua ikakaa matanga wiki mbili pamoja naye. Inanuka mawese. Nimeisoma hivyo hivyo.

Hapa tuko. Daktari amenikataza kupanda milima. Butembo nzima ni mlima, sijui anataka nikae wapi. Duka la vitenge linakwenda. Ariel anaandika, na vizuri, kwa hiyo ukoo unaanza kupona. Kwenye nyumba ya marehemu Papa, baba yetu, tumebadilisha mabati ya upande wa jikoni, na makaburi tumeyapalilia kabla ya nyasi kutushinda. Nadège mwambie asinywe maji ya bomba bila kuyachemsha, hata kama jirani anasema ni mazuri.

Ndani utakuta barua nne, zenye sahihi na cachet, muhuri wa kanisa. Mzee Syauswa alitengwa miezi mitatu mwaka 2009 kwa ajili ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, kisha akarudishwa kundini. Nimeandika yote mawili, msije mkamshangaa siku ya harusi.

Kuhusu wa tano, kitabu hakifunguliwi kwa mtu asiye na jina. Ni mwanamke gani, binti wa nani, alibatizwa mwaka gani? Na kwa nini anatoka kabla ya baraka? Anayekimbia baraka ana jambo lake. Nakujua, Vagheni. Tangu utoto ulikuwa unaleta nyumbani kila mbwa uliyemkuta njiani, na mimi ndiye niliyekuwa nafua blanketi. Kanisa si kituo cha teksi, anayefika anapanda. Papa aliongoza kanisa hili miaka ishirini na mitatu na hakumpokea mtu kwa sababu ya macho yake mazuri. Jenga polepole. Haraka haraka haina baraka, na wewe unahitaji baraka kuliko bâche.

Dada yako,
Katungu

Beni, 24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Yaya mpendwa,

Wasingya, asante sana kwa barua nne. Siméon aliishika yake kwa mikono miwili na kuisoma kwa sauti mpaka namba ya simu ya kanisa. Nadège anachemsha maji. Shekinah amepoteza jino na anataka ujulishwe.

Leo tumezunguka mtaa na matawi ya michikichi. Tulipofika mbele ya nganda, walizima muziki. Mteja mmoja akavua kofia na kumwaga bia kidogo chini kwa heshima, na mpaka sasa sijui kama nilipaswa kumshukuru au kumkemea. Nilimpungia mkono.

Jina la tano ni Agar. Ni Agar wetu, mdogo wetu wa mwisho.

Ninaliandika wazi kwa sababu mimi na wewe hatujalitaja katika barua tangu mwaka aliomfuata yule mchimba dhahabu wa Manguredjipa, bila mahari wala harusi, na kanisa likamtenga. Alifika Beni mwezi wa kumi. Mwanaume alikufa, shimo lilimwangukia. Ana mabinti wawili, na anauza maharagwe na ndizi za kuchemsha kando ya barabara. Jirani alimwalika kwenye ibada bila kumwambia kwamba mwinjilisti wa hapa ni mimi. Niliinua macho katika wimbo wa kwanza nikamwona. Tulitazamana beti zote nne. Nilidhani nitakuta hasira moyoni mwangu, nikaitafuta, sikuiona. Nilifurahi, yaya. Afadhali nikuambie hivyo kuliko kukuandikia maneno ya kichungaji.

Sasa sikiliza jambo hili, kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi. Kukua kwa kanisa unakonisifia wakati mwingine si kazi yangu. Watu wapya wanapofika mtaani na mizigo yao kichwani, Agar ndiye anayewafikia kwanza, na bidoni la maji. Anawaonyesha bomba lenye foleni fupi na mwenye nyumba asiyepiga kelele. Jumapili anawaleta mpaka chini ya bâche, anawaketisha mbele, kisha yeye anarudi benchi la mwisho. Watu kumi na tisa kati ya wale wangu wameletwa naye. Siku ya Meza, wote hao watakula, na yeye atabaki amekaa.

Najua utaratibu. Kanisa lililomtenga mtu ndilo linaloweza kumrudisha. Kwa hiyo sikuombi upindishe kitu. Naomba unitumie maneno ya kitabu: tarehe aliyotengwa, sababu, na majina ya wazee waliokaa. Tukiwa na karatasi hiyo, wazee wangu watakaa naye, wataandika kwa wazee wenu, na wenu watajibu. Agar hakunituma. Hajui hata kwamba nakuandikia.

Pasaka njema, wewe na Ariel.

Vagheni

Butembo, 12 Mei 2024

Vagheni,

Salamu. Ni kweli nimechelewa kukujibu. Kulikuwa na Pasaka, halafu harusi ya binti wa mama mdogo, ambako nilipika kwa siku tatu nikiwa nimesimama kwenye hili goti. Bibi harusi alilia inavyotakiwa. Bwana harusi alilia zaidi, watu wakaanza kuulizana. Mvua imekata njia ya kwenda sokoni mara mbili. Ariel amefaulu mitihani yote isipokuwa mmoja, na huo mmoja anasema mwalimu anamchukia. Kwenye kwaya ya akina mama wameniomba niendelee kuwa kiongozi mwaka mwingine.

Kuhusu ulichoomba, kabati la vitabu limefungwa kwa sababu tunanakili vitabu vya zamani, panya waliingia. Si jambo la leo wala kesho. Usiahirishe mipango yako kwa ajili ya mtu mmoja.

Na kwa kuwa umelitaja jina, nami nitasema neno moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye aliambiwa na wakuu wote. Papa aliugua miezi minane. Watu walitoka Lubero kwa miguu kuja kumwona. Muulize kwa nini yeye hakuja, wala siku ya kumzika. Wewe ulikuwa shuleni Bunia, ulikuta jeneza limeshafungwa. Mimi nilikuwepo. Muulize.

Katungu

Beni, 9 Juni 2024

Yaya Katungu,

Tunakusalimu wote. Hapa mvua imepungua na vumbi limechukua zamu. Nadège ameshona sare za kwaya kwa vitambaa vya rangi tatu, kwa kuwa hatukupata rangi moja ya kutosha. Ukiwatazama kwa mbali wanapendeza. Tumefika watu tisini na sita.

Nimeuliza swali lako, kama ulivyoliandika. Nilimkuta Agar nyumbani kwake anachambua maharagwe. Nakupa maneno yake kama alivyoyasema, nisije nikayanyoosha.

Nilimwambia, "Yaya Katungu anauliza juu ya nini haukukuya kuona Papa, ata ku matanga."

Akaendelea kuchambua. "Ni ye njo anauliza?"

"Ni ye."

"Mais balinikataza. Nilikuwa nishatuma neno kama ninakuya, nishafunga mizigo. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Barua ikafika, iko na cachet ya kanisa. Banasema bashanitenga, na nisifike kwa Papa, akiwa muzima ao akiwa amekufa, ju nisimuleteye haya mbele ya batu."

"Nani aliandika?"

"Hakuna jina. Cachet tu. Nikafungula mizigo."

Kisha aliingia ndani akaitoa. Ameitunza miaka kumi na miwili ndani ya kopo la maziwa ya unga, imekunjwa mara nne. Niliisoma mara moja nikamrudishia. Imeandikwa mwezi wa saba 2012. Papa mwezi huo, kama ulivyonieleza wewe mwenyewe, hakuweza tena kushika kijiko. Mwandiko ni mzuri, herufi zimesimama wima, mkia wa "g" umekatwa mfupi. Papa alifundisha watu watatu kuandika hivyo, na wote watatu wako hai.

Sikuulizi kitu. Uliniambia nimuulize Agar, nimemuuliza, na hilo ndilo jibu lake.

Mchungaji wa distriki amepanga tarehe: Jumapili 4 Agosti. Nilijaribu kuwaambia wazee wangu kwamba labda kwa Agar tungefumba macho. Zacharie alikataa, na si mtu mbaya. Alipokimbia Mabalako aliacha mbuzi, akaacha viatu, akabeba barua yake ya kanisa ndani ya mfuko wa plastiki. Alinionyesha mfuko. Akasema, "Mwinjilisti, kama hii haina maana, basi mimi nilibeba nini?"

Basi bila neno kutoka Butembo, tarehe 4 Agosti Agar atabaki kwenye benchi.

Vagheni

Butembo, 14 Julai 2024

Vagheni, mwana wa mama yangu,

Goti ni lile lile. Ariel yuko nyumbani, anakula. Habari nyingine zitasubiri.

Kabati halikuwa limefungwa. Hakuna panya. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwangu siku nilipokuandikia.

Barua ile niliiandika mimi. Ulishajua, na ukanizungukia kwa mkia wa "g" ili nitoke mwenyewe. Nimetoka.

Neno la Agar kwamba anakuja lilinifikia mimi, si Papa. Wakati huo nilikuwa naamka kabla ya jua, nachemsha maji, namwosha Papa mwili wote, nabadilisha shuka, kisha nakwenda kufungua duka. Miezi minane. Na kila asubuhi, mimi nikiwa nimeshika beseni, aliniuliza juu ya Agar. Hakuniuliza kama nimelala. Nilijua kitakachotokea. Angekuja na tumbo lake, angelia siku tatu, Papa angemwekea mkono kichwani, na mimi ningebaki na beseni. Nilikuwa na wivu, Vagheni. Nimetafuta neno la heshima kuliko hilo wiki nne hizi, na sikulipata.

Nilikuwa mwandishi tayari, cachet ilikuwa mezani. Nilijiambia kwamba siandiki uongo, natanguliza tu ukweli, kwamba wazee watakaa baada ya hapo na Papa ataweka sahihi. Papa akafa. Wazee hawakukaa. Nami sikumwambia mtu kwamba Agar ametengwa. Niliacha watu waseme, na walisema, hata wewe ulisema. Mtu aliyeondoka vile, na asiyefika kumzika baba yake, nani angeuliza kama kuna karatasi?

Baada ya barua yako ya Juni nilifungua kabati. Kwanza kitabu cha waliotengwa. Nilisoma kutoka 2009 mpaka 2013, mstari kwa mstari, na kidole. Agar hayumo. Kisha kitabu cha washirika. Unakumbuka kila Januari Papa alikuwa anapitia majina yote na kuweka alama mbele ya kila mshirika aliye hai na aliye ndani. Agar aliondoka katikati ya 2010. Mbele ya jina lake kuna alama ya 2011. Kuna alama ya 2012 pia, ile imetetemeka mpaka ikagusa mstari wa chini. Nimekuwa mwandishi miaka yote hii na ukurasa huo sikuufungua hata mara moja. Nilikuwa naruka.

Kwa hiyo hakuna wa kumrudisha. Hakutoka. Kwa miaka kumi na miwili amekuwa mshirika wa kanisa letu, na amekaa nje kwa mkono wangu.

Jumanne nilikwenda mbele ya wazee na kuwaambia kama nilivyokuambia wewe. Mama mmoja wa kwaya alilia, nikamwomba aache kwa sababu nilikuwa nataka kumaliza. Wamenitenga na Meza miezi sita, na kwaya wamempa mwingine. Kitabu cha waliotengwa mwandishi wake ni mimi, basi niliandika jina langu mwenyewe na sababu: kuandika barua ya uongo kwa cachet ya kanisa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Halafu niliwapa funguo.

Barua ya kuhama ya Agar imo humu. Ameiandika mchungaji mwenyewe, kwa kalamu yake, ili Zacharie wako asiwe na mashaka. Mimi sikuigusa ila kuiweka ndani ya bahasha.

Wazee wamesema pia kwamba kama aliyekosewa atatuma neno la kunipokea, miezi inaweza kupunguzwa. Nakuambia kwa kuwa ni utaratibu wao. Usimwombe hilo. Ukiona vema umsomee barua hii yote, msomee. Ukiona si vema, mpe ile ya mchungaji tu. Nimeamua mambo ya Agar mara moja katika maisha yangu na inatosha.

Nimemwambia Mama Eliane kwamba hata akifiwa na nani, apite kwako kwanza.

Katungu

Beni, 11 Agosti 2024

Yaya,

Mama Eliane alifika siku ya nne baada ya kutoka kwako, na aliomba nishuhudie kwamba hakupita popote. Nashuhudia. Sisi wazima. Nadège anakusalimu, safari hii kwa kukutaja jina, na anasema goti lipakwe mawese ya moto.

Nilimsomea Agar barua yako yote, tangu goti mpaka mwisho. Alisikiliza amesimama, na ufagio mkononi. Hakulia wala hakukutukana. Aliuliza alama za Papa ziko ngapi baada ya kuondoka kwake. Nikasema mbili. Akaniomba nisome tena mahali pale, kisha akaniambia niende, ana kazi. Jumapili mbili zilizofuata hakuja kwenye ibada. Wale watu wake kumi na tisa walimuulizia kwangu, nami nikawaambia ukweli, kwamba sijui.

Tarehe 4 alikuja. Tulikuwa watu mia moja na kumi na saba, na wengine walisimama kati ya mbao. Mchungaji wa distriki alisoma majina ya wenye barua, na kila aliyetajwa alipita mbele. Wengi walijibu kwa sauti ndogo. Aliposoma "Agar, kutoka Butembo, mshirika bila lawama," watu waligeuka nyuma, kwa sababu karibu wote walidhani alishakuwa na barua siku nyingi. Alipita katikati ya mabenchi na mabinti wake wawili wakimfuata, ingawa wao hawakuitwa. Zacharie alisogea akampa nafasi. Mimi ndiye niliyebeba sahani ya mkate. Alikula, akanywa, akabaki mpaka baraka, na baadaye alisaidia kurudisha mabanzi kwa mwenye mbao.

Hajaniambia kama amekusamehe, na sikumuuliza. Nilimweleza tu kwamba umetengwa, kwa muda gani, na kwamba neno lake linaweza kupunguza muda huo. Alisema, "Nimesikia." Mimi nimekukasirikia, yaya, lazima nikuambie, siku kadhaa nilishindwa hata kukuombea. Sasa naweza, kwa ufupi.

Leo baada ya ibada alikuja hapa nikiandika na kuniomba kalamu. Sehemu ya chini ya karatasi hii ni yake. Sijasahihisha neno.

Vagheni

Yaya Katungu, ni miye Agar. Unaandika kama Papa alikuwa anauliza juu yangu kila asubui. Alikuwa anauliza nini? Alikuwa anasema maneno gani? Ni weye tu njo ulisikia. Usiniandikie tena barua. Kuya, uniambie na kinywa yako.